Taa Iliyofufuka

Treni ilipofika Kahawa, Idah alikuwa ameshajua yote kuhusu Datsun ya Gachau, jamaa aliyeketi mbele yake. “Nilibadilisha tu balbu za dashibodi, mwenyewe, nyumbani,” Gachau akamlalamikia mzee wa kando, kwa sauti ya kutosha mabehewa mawili. “Sasa hapo kwa dashibodi, taa ya kuonya breki imekataa kuzima!”

“Kwani hapo mbeleni ilikuwa inawaka?”

“Haijawahi, mzee. Miaka sita!”

Mzee akacheka hadi kofia ikamwanguka. “Basi balbu ilikuwa imeungua. Gari imekuwa mgonjwa kitambo, wewe umeipatia mdomo tu. Angalia mafuta ya breki.”

“Na Jumamosi nabeba wakwe mpaka Thika! Si niing’oe tu hiyo balbu?”

Behewa zima likaangua kicheko. Treni ikasimama Ruiru, Gachau akashuka akipiga mluzi. Idah hakuwajua wakwe hao, lakini akawaombea.