Kikopo Hakirithiwi

Sogeeni wanangu, mkae hapa kwenye godoro nililolishona kwa mkono wangu, na mmoja wenu aniinue mgongo kwa ule mto, maana nikilala chali pumzi inagoma, na maneno niliyonayo ni mengi kuliko pumzi iliyobaki. Msinikatize. Mkinikatiza nitakohoa, na nikikohoa kikao kimekwisha.

Nyumba hii ni yenu wote watatu, isiuzwe. Cherehani achukue kitindamimba, kwa sababu ndiye peke yake aliyekubali kushona magodoro nami wakati wenzake mlisema sufi inawachafua nywele. Lakini mwanangu, sufi uijazie uani kwenye upepo, na pua uifunge kitambaa, usivute vumbi nililolivuta mimi. Kifunguamimba, wewe na dada yako msusi hamjasalimiana tangu tumzike baba yenu, kisa kile kibanda cha kusukia. Kibanda ni cha msusi, nimesema, yaishe. Ndugu wakigombana majirani hushika jembe wakalime, na hawa wetu wamelima mpaka wamechoka, wanangoja mpatane wavune.

Sasa kile kikopo cha bati, kilicho chumba cha pili juu ya kabati, chenye vidonge vyangu. Mnakumbuka nilivyokuwa, kila mvua zikianza mnanibeba hospitali, natoka, narudi. Yule daktari wa kifua akapima makohozi, akapima na moyo, akasema kwa kifua kilichochakaa namna hii atajaribu kuniwekea antibayotiki ya kunywa siku tatu kila wiki, kwa muda mrefu, si ya kuniponya, ila ya kuwazuia wadudu wasinivamie kila mara, na pampu yangu ya kuvuta dawa mdomoni niendelee nayo vilevile. Nikanywa. Wanangu, nilipumua. Mwaka ule nilipanda ngazi za kwa dada yangu bila kupumzika katikati, nikamtania kwamba kazipunguza.

Basi nyumba nzima ikakiamini kikopo. Na nyumba hii imelelewa kwa neno moja, kizuri kula na nduguyo, hata yai moja mlikuwa mnagawana. Mkagawana na dawa. Mwenye mafua alichovya mkono, mwenye jino bovu alichovya, na wewe kifunguamimba, ulipoungua na cheche za kuchomelea vyuma, ulifungua kidonge ukanyunyizia unga wake kwenye kidonda. Nikisema, mnanijibu, "Mama, uchoyo umeuanza lini?" Kikopo kikiisha nakaa bila dawa, kisha mnakijaza vidonge vya duka la kona, vya rangi yoyote. Safari ya mwisho daktari alipima tena makohozi, akavua miwani, akaniambia wadudu wa kifua changu hawaisikii tena ile dawa. Nikamuuliza kama iko nyingine. Akasema hana. Sina hasira nanyi. Hasira nayo inataka pumzi.

Ninachoogopa ni mjukuu wangu, mtoto wa msusi, mnayemwita Kinanda kwa sababu kifua chake kinaimba akilala, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Daktari alimpima, akasema pumu yake inataka pampu, ile ya kila siku ya kuzuia na ile ya kufungua anapobanwa, na kwamba vidonge vya kikopo havifungui njia ya hewa hata amezeshwe vyote. Lakini wewe msusi, wateja wako wamekuambia pampu ukiizoea huiachi, ukazificha kwenye sanduku la nywele za bandia, unampa nusu kidonge. Namsikia nyuma ya ukuta akibanwa, naita, sauti haifiki hata mlangoni. Miguu haishuki kitandani. Mimi niliyewabeba watatu mgongoni, nashindwa na ukuta mmoja, na inaniuma kuliko kifua.

Basi shikeni hili. Kila kitu changu kinarithiwa, mpaka sindano; kikopo hakirithiwi. Nikishazikwa kipelekeni hospitali, wakajue wenyewe pa kukitupa. Pampu zitoke sandukuni, zikae mezani, mtoto azione na azijue. Akibanwa avute, na isipomfungua mkimbizeni hospitali, msikae kushauriana.

Nipeni maji kidogo... basi, inatosha. Mungu awaweke pamoja, wanangu. Awape mikono isiyokosa kazi, na vifua... awape vifua vyepesi. Nimewasamehe, nanyi mnisamehe.

Msusi yuko wapi? Alikuwa hapa miguuni pangu. Huyo anayekohoa ni Kinanda... nyamazeni nisikie. Hilo ni bati. Nasikia vidonge vinagonga bati. Mwanangu, kirudishe... lete pampu, mama... hanisikii. Kifunguamimba, inuka, kamsalimie dada yako. Mwambie sandukuni... kwenye nywele. Nenda wewe. Mimi sifiki.