Maji ya Kuwaonyesha Wageni

Kijiwe cha njia panda, kabla hujafika Issuna, kilikuwa na benchi moja, jiko la mkaa na wanaume wenye majibu ya dunia nzima. Jiko na kahawa vilikuwa vya Loyce. Majibu yalitolewa bure. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua limekausha hata matope. Mbele yao ilisimama pampu ya kijiji, imepakwa rangi ya buluu asubuhi ile, imependeza kama bibi harusi, na kavu kama kuni. Kesho yake wageni wa mradi walikuwa wanakuja kuitazama. Agizo lilikuwa limeshapita: kesho hiyo asubuhi kila nyumba ichote ndoo ya maji kutoka visima vya mchangani kule mtoni, yamiminwe ndani ya pampu kabla wageni hawajashuka garini. Asiyeleta asahau mahindi ya msaada. Loyce mwenyewe alipangiwa kuwapikia wageni, na mumewe alikwenda Sekenke kutafuta dhahabu, zikawa zinarudi habari tu. Ndoo ya nyumba yao ikamwangukia binti yao, Stumai. Na kesho hiyohiyo Stumai alikuwa na mtihani wa darasa la saba.

— Kefa, naomba tena, alisema Loyce. Msamehe mtoto hiyo ndoo.

Kefa, mwenyekiti wa kitongoji, alipuliza kahawa yake.

— Mama Stumai, nikikusamehe wewe, kesho nisamehe kitongoji kizima. Mgeni haonyeshwi chungu kikavu, hiyo mila tumeikuta. Mwaka jana tulimimina, mzungu akapampu, yakatoka, akapiga makofi. Leo umwambie yalikuwa ya ndoo?

— Tungemwambia mwaka jana, tungeshachimbiwa kisima kingine.

— Papara hiyo, shemeji! alidakia Obadia. Kijiweni aliitwa Semina, kwa sababu aliwahi kuhudhuria moja, Singida mjini, akarudi na mkoba wa begani na maneno ambayo hayajamtoka mpaka leo. — Haya ni Malengo ya Milenia. Ya dunia nzima, mpaka elfu mbili na kumi na tano. Sisi tumeshahesabiwa kuwa tuna maji safi. Ukisema hatuna, unairudisha dunia nyuma.

— Hiyo dunia inachota wapi?

— Dunia haichoti. Dunia ina wadau.

Mzee Zefania akakohoa. Yeye walimwita Mzee Reli, ingawa reli ilishampunguza kazini kule Itigi.

— Wadau gani! Dawa ni kubinafsisha. Pampu auziwe mwekezaji. Mwekezaji hataki hasara, maji yenyewe yatamwogopa yapande.

— Kisima kikavu atakinunua nani, mzee wangu?

— Maji usiyoyafika hujui wingi wake! Si ndivyo walivyosema wahenga? Sisi hatujayafika. Basi ni mengi.

— Kule semina walituchorea, alisema Obadia. Serikali inashirikiana na taasisi, taasisi na jamii, jamii na serikali. Duara likikamilika, maendeleo yanatoka.

— Yanatokea upande gani wa duara? aliuliza Loyce.

— Hapo hatukufika. Chakula kilikuwa tayari.

— Mimi najua maji yalipo, alisema Mzee Reli. Yamevutwa chini kwa chini mpaka Dodoma. Nimefanya kazi ya reli, mizigo ya kwenda huko naijua, hairudi.

— Na Dodoma nako yanavutwa kwenda Ulaya, alisema Kefa. Ndiyo utandawazi. Unadhani ile theluji yao ni nini? Maji yetu hayo, yamerundikana!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Loyce hakucheka. Visima vya mchangani havina haraka: unachimba, unakaa, unasubiri yajikusanye kikombe kwa kikombe, na foleni nyuma yako. Mtihani haumsubiri mtu. Na kuna baba mmoja alishapita nyumbani kuulizia habari za Stumai, akitaja mbuzi wa mahari.

Lori la vitunguu likasimama kando ya barabara, linatoa mvuke. Dereva, kijana bado, akaja na galoni.

— Shikamooni wazee. Naomba maji, rejeta inachemka. Nimeona pampu.

— Marahaba. Hiyo inatoa kesho, alisema Kefa.

— Kesho kuna nini?

Kefa alimkonyeza Loyce anyamaze. Loyce akaeleza yote, ndoo, rangi na makofi. Dereva aliitazama pampu, akawatazama wao.

— Sasa hao wageni wanakuja kuwasaidia nini?

— Wanakuja kutathmini, alisema Semina.

— Kutathmini nini?

— Maji.

— Yapi?

Semina akaurekebisha mkoba wake begani. Mzee Reli alitafuta methali, ikakataa kuja. Kefa akainama ndani ya kikombe chake, kana kwamba jibu limezama na vumbi la kahawa.

— Mama Stumai, tuongezee kahawa, alisema Kefa.

— Imekwisha. Maji yaliyobaki ni haya.

Akammiminia dereva kwenye galoni. Hayakufika hata nusu. Kijana alishukuru, akaondoka akitikisa kichwa.

Wanaume wakasimama mmoja mmoja, wakijikung'uta vumbi lisilokuwepo. Kefa akawa wa mwisho.

— Agizo liko palepale. Mwambie Stumai asichelewe.

— Hatachelewa mtihani, alisema Loyce, na akaanza kuzima jiko kwa mchanga.