Uzi au Wavu

Ndani ya basi, mwanamume wa kiti cha mbele yangu alikuwa amekumbatia mto kama mtoto mchanga. Dada aliyekaa pembeni yake, fundi cherehani, alishindwa kuvumilia akamuuliza kulikoni.

"Nimepasuliwa ngiri," akajibu kwa fahari. "Nikikohoa naubana tumboni. Walitaka kunitilia wavu wa kuzibia tundu kwa ndani, nikawaambia nishoneni kwa uzi tu, mimi si samaki."

"Wenzako tunao huo wavu, kaka. Mimi nilitokwa na ngiri ya kitovu baada ya uzazi wa pili. Nguo ikilegea, ukavuta kingo ukashona, itachanika pembeni. Tia kiraka kwa ndani!"

"Mimi si suruali."

"Si samaki, si suruali. Kazi yako nini?"

"Napakia mizigo sokoni."

"Basi daktari wako msalimie, mtaonana tena."

Alicheka mpaka akaubana mto kwa mikono miwili, akimsihi dada anyamaze. Sijaona mtu anayesemwa akafurahi namna ile. "Lakini uzi wangu umeshika," akasisitiza.

Basi likasimama kwenye kituo cha dada kushukia. Dada akakitazama kichwa cha cherehani yake, kizito, kimefungwa shuka, kiko sakafuni.

"Haya, beba, mwenye kiraka," kaka akamwambia.

"Nimekatazwa vizito mpaka nipone vizuri. Nilipandishiwa na shemeji."

Wote wawili wakanigeukia. Nikafunua shati kidogo, wakauona mkanda wangu wa ngiri.

"Mimi ndiyo kwanza nakwenda kupasuliwa," nikasema. "Na bado sijachagua."

Tukamwita kondakta.