Taa Ambayo Bado Haijachorwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Consolacion Guanlao, karibu. Sisi mafundi wa taa kubwa za Krismasi wa mtaa wa Santa Ursula tumekuandalia wali wa kunata wa nazi, na kiti ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba.

TULIKOTOKA

Taa yetu ina balbu elfu tano na haina kompyuta. Tunazungusha pipa la bati kwa mkono, nyaya zikiligusa kwa pini za nywele. Palipobandikwa utepe wa gundi, balbu huzima. Palipo wazi, huwaka. Mbandikaji wetu ni dada Perla Manalang, ambaye kalamu huishika akiandika bei ya samaki tu.

MAFANIKIO

Mwaka juzi dada Perla alianza kubandika kutoka upande usio wake, maana walikuwa wamenuniana na mumewe Ambo, huyu anayekusomea risala hii, na hakutaka kukaa karibu naye. Pipa lilipozunguka, ua letu la balbu badala ya kuchanua likajifumba, petali baada ya petali, hadi ikabaki nukta moja katikati.

"Perla, umetuua! Bandua!" Ambo alipiga kelele.

"Hebu nyamaza wewe. Zungusha tena," dada Perla akamjibu.

Likazungushwa. Mheshimiwa, lilikuwa zuri kuliko ua lolote tulilowahi kuliwasha. Watu wazima tulilia, na dada Perla mwenyewe aliziba mdomo kwa mikono yenye gundi, kwani hakujua kwamba kitu kile kilikuwa ndani yake. Tukawa wa kwanza katika mashindano ya taa.

Tangu hapo kila Jumatatu mmoja wetu hubandika kinyume na mazoea, na ni marufuku kucheka kabla pipa halijazunguka mara tatu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata mpishi wetu alitoa wazo. Lilikuwa baya sana, ila likazaa jingine zuri.

CHANGAMOTO

Kamati ya mashindano sasa inataka mchoro kamili ifikapo Ijumaa. Asiye na mchoro hashindani. Dada Perla amekaa siku nne mbele ya karatasi. Alichora ua la mwaka juzi, akalichana.

"Nikichora ninachokijua, si nitawapa mlichokwisha kukiona?" alituambia. Hajagusa pipa tena, na hilo linatutisha kuliko kutolewa mashindanoni.

OMBI

Tunaomba utie sahihi tuingie bila mchoro. Ni ombi zito, kwa kuwa hatukuahidi nyota wala ua. Ukituuliza utaona nini Desemba, jibu letu la kweli ni kwamba hatujui, na kutojua huko ndiko kunakotuamsha alfajiri.

Mungu akupe afya, na macho ya kutosha kuiona taa hiyo Desemba.

Ni sisi,
Mafundi Taa wa Santa Ursula