Sentensi Tatu za Redio

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na asubuhi ile lilijaa. Pembeni kabisa alikaa Redio, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Miezi minne nyuma madaktari walimtoa uvimbe kooni. Roho ikapona, sauti ikaenda. Mungu ashukuriwe, tunaye, lakini nisifiche: benchi lilipooza, na yeye akaanza kuja kwa kujivuta. Ndipo binti wa Mama Kahawa, msomi wa kompyuta, alipoamua kumtengenezea programu kwenye simu yake ya batani. Akibonyeza moja, simu inamsemea sentensi. Akibonyeza mbili, nyingine. Sauti alijitolea Profesa, mwashi wetu, mtu ambaye maneno hayajawahi kumwishia. Shida ilikuwa kompyuta.

— Imezima tena, binti alisema. Mara ya tatu.

— Kwani inafanya nini muda wote huo? niliuliza.

— Inakompaili, baba mdogo. Nimeandika kwa lugha ninayoielewa mimi, yenyewe inaigeuza iwe lugha ya simu. Bila hivyo simu haiambulii kitu.

Profesa akakohoa.

— Mimi nimeshajua. Simu hiyo karithi kwa mjomba wake, yule mzee wa kununa. Imezoea kununa, haitaki maneno.

— Simu haijaguswa bado, we Profesa! Mama Kahawa akamkatiza. Inayozima ni kompyuta.

— Basi ni sauti yangu. Nzito ile. Kikompyuta chembamba hivi kitaibebea wapi?

Redio akacheka, mabega tu yakitikisika.

— Inachemka, binti alisema. Feni yake imekufa.

Mama Kahawa akaondoa vikombe kwenye sinia, akaanza kuipepea kompyuta. Akachoka, akapokea Profesa. Nikapokea mimi. Kwenye kioo robo tatu ya kazi ikapita, ikafika asilimia tisini, ikafika mia! Tulipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Binti akaihamishia programu kwenye simu, na Profesa, kwa kiherehere chake, akabonyeza yeye.

“Naomba kahawa.”

“Nguo yako tayari kesho.”

“Profesa ana akili sana.”

— Hiyo ya tatu kaandika nani? Mama Kahawa aliuliza.

— Ni sentensi ya lazima, Profesa alijibu.

Mke wa Redio alikuwa amefika kumchukua waende kliniki. Alisikiliza zote tatu akiwa amesimama.

— Shemeji zangu, Mungu awalipe, alisema. Hizi sentensi kachagua mwenyewe?

Mimi niliangalia kiatu nilichoshika. Siku tatu nzima tulibishana mtu husema nini kwa siku, na mwenyewe kakaa hapohapo pembeni.

Binti akampa Redio karatasi na kalamu. Aliandika, akafuta, akaandika. Alipomaliza akampa Profesa arekodi. Profesa akasoma kimoyomoyo, machozi yakamlengalenga, akaingia kibandani kwangu na kufunga mlango. Aliporudi tukapepea tena, safari hii bila nadharia.

Redio akaishika simu, akamgeukia mkewe, akabonyeza moja.

“Mke wangu, miezi minne umenisemea kila mahali, na hujasema hata neno moja nisilolitaka. Asante.”

Shemeji akajifunika uso kwa mtandio, akalia, akacheka kwa kusikia maneno ya mumewe kwa sauti ya mwashi. Redio akatugeukia sisi, akabonyeza mbili.

“Nanyi, asanteni kwa mikono yenu. Nilidhani benchi hili limeniishia.”

Profesa akafungua mdomo kujibu. Redio akawahi kubonyeza tatu.

“Profesa, nyamaza. Zamu yangu.”

Na Profesa, kwa amri ya sauti yake mwenyewe, akanyamaza.