Jicho la Upepo la Mzee Daud

Gisèle, mjane wa marehemu, alikwisha sema hataandika. Shule aliiacha darasa la tatu, na kanisa hili lina walimu tele. Lakini binti yake Précieuse ameng'ang'ana, basi Gisèle ameandika mwenyewe; sikilizeni, na asitokee wa kumsahihisha.

Mzee Daud Ishaka alizaliwa Kasulu, Kigoma, tarehe 14 Machi 1951. Alisoma hadi darasa la saba, akavuka ziwa kutafuta kazi bandarini Uvira. Huko ndiko alikomwona Gisèle, wakafunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979. Mwaka 2004 walifika Birmingham.

Miaka kumi na miwili alifanya kazi kiwanda cha madirisha, hapa Nechells. Alikuwa akikaza kile kichuma kinachozuia dirisha la ghorofani lisifunguke zaidi ya kiganja, watoto wasianguke. Siku moja mwenzake Jagjit, Kalasinga wa Nakuru, alimwuliza, "Mzee, hizi window unatengeneza kila siku, unajua jina lilitoka wapi?" Akamwambia watu wa kaskazini waliovamia nchi hii zamani ndio walioleta neno hilo, na kwao maana yake ni jicho la upepo. Daud alirudi nyumbani anacheka kama aliyeokota dhahabu.

"Jicho gani hili?" Gisèle alisema, akionyesha la kwao, ghorofa ya tisa. "Halifumbuki. Toa hicho kichuma."

"Sheria ni sheria, Mama Précieuse. Watoto wataanguka."

"Watoto gani? Tuko vizee viwili."

Hakukitoa.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022. Lifti ilipoharibika Januari mwaka huu, hakushuka tena. Na Waingereza hata muda wanauita window: fundi wa lifti atakuja kwenye window ya saa mbili mpaka saa saba. Wakakaa wakingoja, mzee kavaa koti kabisa. Window ikapita.

Mzee Daud alifariki kitandani, alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025. Kwa kina Gisèle, mtu akikata roho dirisha hufunguliwa wazi, apate pa kupitia. Gisèle alilisukuma kwa bega. Likafunguka kiganja, basi. Tangu hapo halali chumba kile. Anasema mumewe bado yumo, na mchungaji amejaribu kumweleza vingine akachoka.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu watatu wanaomjibu bibi kwa Kiingereza.

Na ninyi mafundi wa kiwandani, Jagjit ukiwa wa kwanza, Gisèle anawaona mlivyojipanga huko nyuma. Msikimbilie pilau. Mkitoka makaburini chukueni bisibisi, mpande ngazi mpaka ghorofa ya tisa, mkatoe kichuma hicho. Likishafunguka lote, ndipo tutasema apumzike kwa amani.