Doriani ya Kupimia Sindano

Basi la Balik Pulau halijapanda hata kilima cha kwanza, harufu ilikwisha kukaa kwenye kila kiti. Bi Rokiah alikumbatia kapu lake lenye doriani, tunda la miiba, akatazama nje kama asiyehusika.

"Dada, hiyo doriani imekata tiketi?" aliuliza mzee Senapi wa kiti cha jirani, shati puani. "Bango lile linaikataza!"

"Ya mgonjwa, mzee wangu. Mume wangu ana saratani. Dripu za dawa zilimtapisha mpaka akaapa harudii. Leo wanamchoma kwanza sindano ya kuzuia kichefuchefu. Kaniambia, 'Lete doriani. Nikistahimili harufu yake, dozi namaliza. Nikitapika, nirudishe nyumbani.'"

"Ndiyo umpelekee bomu? Mimi mzima natapika! Mwambie msimu umekwisha."

"Nimwambie nani? Doriani yatoka shamba lake mwenyewe!"

Nzi wawili, waliopanda bila nauli, waliteremka kituo kilichofuata.

Hospitalini basi likasimama. "Doriani ishuke!" dereva akafoka. Bi Rokiah alinyanyuka. Senapi akamshushia kapu, uso kaugeuza pembeni.

"Usiingie nayo moja kwa moja," alisema. "Ifungue mlangoni, harufu itangulie. Mumeo akikuita, ingia."